Namba ya Mama Kwenye Fomu ya Chuo

Kinyozi, nimeumbuka ndugu yangu. Sijui hata nianzie wapi.

Binti yangu si alikubaliwa kile chuo cha kusoma kwa mtandao? Ilibaki kuthibitisha tu, mwisho jana. Sisi tunasubiri meseji, meseji haiji. Leo asubuhi nafasi kapewa mwingine!

Nikapiga simu chuoni. Karani ananiambia, "Mzee, tulituma wiki iliyopita kwa namba ya mzazi."

Namba ipi? Akanitajia. Kinyozi, ni ya marehemu mke wangu! Na fomu nilijaza mimi, kwa mkono wangu huu.

Nikaipiga. Akapokea mwanamke nisiyemjua. "Ile meseji nilidhani ni ya matapeli, baba, nikaifuta." Laini ya mke wangu watu wa kampuni ya simu wamempa mtu, wala hawakuniuliza!

Nikamrudia karani. "Kosa si letu, mzee." Eti si lao! Wakubwa wote wale wa chuo kwenye viti vya kuzunguka, hakuna hata mmoja wa kunyanyua simu?

Binti hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, kwa nini uliandika namba ya mama?"

Kinyozi! Ndiyo namba pekee iliyo kichwani mwangu.