Jina Nililolitaja Mbele ya Baba Mkwe

Ijumaa, 4 Novemba 1796
Baba mkwe, Mzee Pruitt, kapita asubuhi. Anagombea kuwa mjumbe wa wilaya yetu, ili akampigie Bwana Adams kura ya urais. Watu wanamcheka — Virginia hii, tumchague mtu wa Massachusetts! Mwenyewe wala hana habari. Kaanza tena kunisimulia habari za Adams wake: zamani askari wa mfalme wa Uingereza waliua watu Boston, mji mzima unataka wanyongwe, na yeye, wakili kijana, akasimama akawatetea. "Huyo ndiye mwanamume, mwanangu!" Nikamwambia kura yangu anayo. Ningemnyimaje? Nilipolala na homa, yeye ndiye aliyenivunia ngano.

Jumamosi, 5 Novemba
Kanali Thornbury kanisimamisha njiani. Shamba ninalokodi ni lake, na ndiye mpinzani wa baba mkwe, upande wa Jefferson, mtu wa hapa hapa Virginia anayeshindana na Adams. Mpole, huyo! Eti anafikiria kuandika jina la mwanangu kwenye mkataba, ili nikifa mtoto aendelee kulikodi. Halafu: "Tutaonana Jumatatu, jirani." Jumatatu ndiyo siku ya kura. Basi. Judith sijamwambia. Nitamwambia nini mke wangu, naye ni binti wa mzee?

Jumatatu, 7 Novemba
Aibu! Aibu tupu!
Mahakama imefurika. Uani ramu ya Kanali inanywewa kama maji. Mimi sikuionja — afadhali ningelewa. Ndani wagombea wawili wamekaa mezani kama kawaida yetu: unaitwa, unataja jina kwa sauti, uliyemtaja anainuka kukushukuru.
Nikaitwa. Baba mkwe akainuka kabla sijafungua mdomo. Kofia keshavua, uso wote tabasamu. Nikamtazama Kanali.
"Thornbury," nikasema.
Kicheko! Mmoja akapaza sauti: "Keti, mzee! Hata mkweo kakukimbia!" Kanali akaniinamia, akanishukuru. Baba mkwe bado kasimama. Nikatoka sijui kwa mlango upi.

Jumanne, 8 Novemba
Judith kaambiwa na majirani. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kauliza tu, "Ulikuwa umelewa?" Nikaona anavyoomba niseme ndiyo. Nikasema hapana. Hajanisemesha tena.

Jumatano, 9 Novemba
Mzee kashindwa, na vibaya. Kura yangu isingemwokoa. Najaribu kujifariji kwa hilo. Wapi!
Yuko jikoni sasa hivi. Nimejifungia chumbani naandika, namsikia akimbembeleza Judith: asimnunie mumewe, ile ramu ya Thornbury ingeangusha hata farasi, kijana hakujua anasema nini. Kanitetea, kanitetea. Hata anacheka, ili binti yake naye acheke.
Nasikia Judith akipanga sahani. Anaujua ukweli, na hausemi. Ananisitiri mimi, au anamsitiri baba yake?
"Mwanangu!" Mzee ananiita. "Njoo bwana, tule. Ulevi haujaua mtu!"
Kagonga mlango. Nikitoka, niseme nini? Kagonga tena —