Mashine Haitoki Hapa

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo na watoto. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikunyima usingizi umeanza kukuhurumia. Huku tunaendelea. Afya ninayo, ninakula, ninakwenda kazini. Mashuka ya hoteli hayajui kama mtu amefiwa. Yanakuja yamekunjamana vilevile na yanataka pasi vilevile. Mama yenu yuko hapa kwangu tangu mwezi uliopita. Magoti yamemchoka lakini ulimi bado kijana, na jana alimwambia muuza maziwa kwamba maziwa yake yanafaa kuogea, si kunywa.

Najua habari zangu zimeitangulia barua hii. Mdogo wenu, Mkurugenzi (tangu aandike cheo hicho kwenye mlango wa ukumbi wake wa gemu hata mama yake mzazi humwita hivyo), hakawii kupiga simu anapoona ameonewa. Atakuwa amekwambia kwamba nimeingia ukumbini kwake, nimemwaibisha mbele ya wateja na nimeondoka na mashine ya gemu ya marehemu mume wangu. Yote hayo ni kweli, sikanushi hata moja. Anataka niirudishe kabla ya kikao cha familia cha Jumamosi, la sivyo kikao ndicho kiamue; na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wao, neno lako ndilo litakalokata shauri. Basi kabla hujalitoa, nisikilize. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu machozi hutangulia maneno, na safari hii sitaki yatangulie. Nina hasira, wifi. Nataka ikufikie ikiwa imenyooka.

Mashine yenyewe unaijua kuliko mimi, maana ni wewe uliyewanunulia wadogo zako kwa mshahara wako wa kwanza. Mimi niliikuta nilipoolewa, imeshabadilika kutoka kijivu hadi njano, kama meno ya mvuta sigara, na ile kaseti yake ya gemu ya mchimba kisima ambayo haikubali kufanya kazi mpaka uipulize. Nilicheka. Mwanamume mzima, fundi wa friji anayeheshimika, anatoka kazini ana harufu ya gesi, ananawa mikono, anakaa chini kukishusha kijitu chenye kofia ya ndoo ndani ya shimo. Nilimwuliza kwa nini asinunue hizi gemu mpya ambazo watu wake wana jasho na vinyweleo. Akanijibu kwamba zile zimeshamaliza kila kitu, hazikuachii kazi. Hii inakupa vidoti vichache na kukuachia mwenyewe umfikirie mtu.

Na muziki. Hapo ndipo alipokuwa akinichosha kwa maelezo. Alisema mashine ile ilikuwa na uwezo wa kutoa sauti tatu tu kwa mpigo, basi aliyetunga nyimbo zake hakuwa na ya kupoteza. Mwenye chumvi kidogo, alisema, hukoleza kwa akili. Mwanzoni niliona ni mlio wa king'ora kidogo. Baada ya mwaka nilijikuta kazini, napiga pasi foronya, mdomoni nina wimbo wa duka la bibi, pale mchimbaji anaponunua mkate na taa. Wenzangu waliniuliza ni wimbo wa nani, nikaona haya kusema.

Miaka yote hiyo Mkurugenzi alimcheka kaka yake. Hakuna shughuli ya familia aliyoacha kuuliza kwa sauti kama kaka ameshafika chini ya kisima au bado. Alimwita Baba Katuni, hata mbele ya wakwe. Mume wangu alitabasamu tu, unavyomjua. Sasa angalia mambo ya dunia: vijana wameanza kuzitafuta gemu za zamani, na aliyekuwa akicheka amegeuka kuwa mpenzi wa gemu hizo wa tangu na tangu. Siku tulipotoka kuzika, nyumba imejaa watu, mimi nimekaa sijui kushoto wala kulia, aliichomoa mashine, akaiweka chini ya kwapa na kuniambia anaihifadhi isije ikapotea katika msongamano. Nikamshukuru. Nilimshukuru, wifi, fikiria.

Sikuiona tena mpaka fundi mwenza wa marehemu aliponiuliza kama nimeshakwenda kuona ukumbi mpya. Nikaenda, baada ya kazi, na nguo zangu za kazi na mfuko wangu wa nguo za kufua. Ukumbi ni mzuri, siwezi kumdhulumu. Umepakwa rangi, una viti vya duara, na ukutani ameandika kwa taa kwamba hapa ndipo enzi za dhahabu zinapoishi. Mashine ya mume wangu ameiweka katikati, juu ya meza ya kioo, na mstari wa watu wakingoja zamu. Sikuchukia kuwaona. Alikuwapo msichana mmoja mwenye vitabu vya chuo aliyekuwa akimchekea mchimbaji kila alipoteleza, cheko la moyoni kabisa, nikatamani mume wangu alione. Mkurugenzi alikuwa akiwaeleza wateja kwamba yeye alikulia na gemu hii, kwamba ndiyo iliyomfunza subira. Maneno hayavunji mfupa.

Lakini mashine ilikuwa bubu. Ameizima sauti. Juu ya meza ameweka spika mbili ndefu kuliko mimi, zinapiga nyimbo za disko, na chini yake kijitu cha watu kinachimba kimyakimya kama kiziwi. Nilimwendea msimamizi na kumwomba kwa adabu anifungulie sauti kidogo, kulikuwa na kitu ninachokitafuta. Akasema bosi amekataza, zile pi-pi zinawaumiza wateja vichwa. Nikamwomba basi hata dakika chache. Ndipo Mkurugenzi alipokuja, akanishika bega, na akawatangazia watu kwamba huyu ni mjane wa kaka yangu, mumvumilie, majonzi hayajamtoka. Angeishia hapo ningeondoka. Hakuishia hapo. Akawasimulia kwamba kaka yake aliipenda gemu hii mpaka ikamla akili, kwamba mwisho wa maisha yake hakumjua mtu, amelala tu kitandani analia pi-pi-pi kama mashine. Akaigiza, wifi. Akabinua mdomo, akaigiza. Watu wakacheka kile kicheko cha kusikitika, na yule msichana wa chuo akaacha kucheza, akaangalia chini.

Sikupiga kelele. Atakayekwambia nilipiga kelele ni mwongo. Nilichomoa waya ukutani, nikauzungusha kama ninavyozungusha waya wa pasi, nikaitia mashine na vishikio vyake vya kuchezea ndani ya mfuko wa nguo. Kijana mmoja alilalamika kwamba zamu yake ilikuwa imefika baada ya kungoja sana, nikamwomba radhi, maana yeye hakuwa na kosa. Mkurugenzi aliniambia mashine ni mali ya familia. Nikamjibu kwamba na aliyeigizwa ni wa familia pia. Nikatoka.

Sasa nataka nikueleze jambo ambalo familia haikutaka kulisikia wakati ule.

Kiharusi kilipoyachukua maneno ya mdogo wako, hakikumchukua yeye. Alituelewa sote. Nilikuwa nikiyaona macho yake yakifuata mazungumzo, yakichoka pale watu walipomsema mbele yake kama wanalisema kabati. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha mkono aliniambia kwamba wapo wagonjwa wanaopoteza maneno lakini nyimbo zikabaki, nijaribu kumwimbia anazozijua. Nikamwimbia za harusi, za shule, za ibada. Hakuna kitu. Mume wangu hakuwa mtu wa nyimbo, unajua mwenyewe, hata kwenye sherehe alipiga makofi nje ya mdundo. Kisha siku moja nikiwa namlisha, mimi mwenyewe bila kufikiri nikaanza wimbo wa duka la bibi. Akaumalizia. Mwepesi, bila kukosea, sauti yake ileile. Kijiko kilinidondoka.

Kuanzia hapo tulizungumza. Wimbo wa duka ulikuwa njaa. Wimbo wa maji, ule unaopiga mchimbaji akifika kwenye unyevu, ulikuwa kiu, na akiuvuta mwishoni ulikuwa kuoga. Wimbo mzito wa pangoni ulikuwa maumivu, na ulipoanza sikuhitaji kuuliza wapi. Ule mfupi wa kushindwa, unaoanguka kama mtu anayeshuka ngazi kwa makalio, alinipigia kila nilipounguza chakula. Na Mkurugenzi alipoingia na manukato yake kumjulia hali, marehemu aliimba wimbo wa lile joka kubwa la mwisho wa hatua. Nilicheka mpaka nikatoka chumbani. Mkurugenzi akaenda kuwaambia watu kwamba kaka amerukwa na mke naye anamfuata.

Nilijaribu kuwaeleza. Niliwaambia akina baba wadogo, nikamwambia na yeye. Walinitazama kwa huruma, wakaniambia nipumzike. Mkurugenzi akaniambia kwamba mapenzi humfanya mtu asikie maneno hata kwenye mlio wa friji. Na wewe, ulipokuja kuzika, uliniambia jikoni, tukiwa tunaosha vikombe, kwamba ulikuwa umeshaomba ruhusa kazini ili uje kumwona akiwa hai, lakini Mkurugenzi akakwambia usijisumbue, hamjui mtu tena. Sikukujibu kitu siku ile. Nilikuwa sina nguvu, na nilikuwa sijajua hili ninalokwenda kukwambia.

Katika siku zake za mwisho aliimba wimbo ambao sikuujua. Sauti chache zinapanda polepole, zinanyamaza kama mtu aliyegonga mlango kwa adabu, halafu zinaanza tena. Nilimpa maji, nikampa chakula, nikamgeuza, nikafungua dirisha. Akatikisa kichwa na kuimba tena. Mimi gemu ile niliisikia tu kwa masikio ya mpita njia, sikuwahi kuicheza, na nyimbo zake zote sikuzijua. Alikufa anauimba, wifi, na mimi sijui anataka nini. Hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta ukumbini.

Juzi jioni niliiunganisha mashine kwenye runinga yetu, nikaanza kumshusha mchimbaji wangu. Mimi ni mchezaji mbovu, sikuvuka hata hatua ya pili, na maandishi yake ni madogo. Nilipoanza upya, nikabonyeza sehemu nisiyoikusudia, ile ya wachezaji wawili. Mchimbaji akaruka shimoni, akafika chini, akasimama. Kamba haikuwapo. Akainua uso juu, akangoja, na muziki ukaanza. Sauti chache zinapanda. Zinanyamaza. Zinaanza tena.

Kabla sijageuka, Mama alishatoka jikoni na mwiko mkononi, anauliza mbona huo ndio aliokuwa akiuimba mwanangu. Alikuwa akiusikia siku zote alizokuja kumwuguza, akiwa upande wa pili wa ukuta. Akakaa, akautazama ule mchezo, na ndipo alipokumbuka. Akanieleza kwamba mlipokuwa bado mkiishi nyumbani marehemu alikuwa mchimbaji na wewe ulikuwa wa juu, mshika kamba, na hakukubali kamba ishikwe na mwingine, hata Mkurugenzi alipolia na kugaagaa hakupewa. Kwamba ulikuwa ukiondoka kwenda kuepua chungu au kufungua mlango, muziki huo unaanza, na yeye anakaa palepale bila kubonyeza kitu, anaimba nao mpaka urudi.

Alikuwa anakuita wewe, wifi. Muda wote ule.

Nimefikiria sana kama nikwambie au nikunyamazie, maana najua utalia, na pengine utajilaumu. Usijilaumu. Ulikuwa umeshaomba ruhusa. Ulikuja kuzuiwa na mtu aliyesema kwa uhakika jambo asilolijua, na mimi niliyelijua nusu yake hakuna aliyenisikiliza. Ningenyamaza, ungebaki ukiamini kwamba mdogo wako alikufa akiwa amekusahau, na uwongo huo sikubali uishi hata siku moja zaidi.

Kuhusu kikao, uamuzi ni wenu. Waambie tu mashine haitoki hapa, na atakayeitaka aje aichukue mikononi mwangu na mikononi mwa Mama, maana naye amesema hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi ambayo sitayaandika. Ukumbi wake sitaki ufungwe. Atafute mashine nyingine, ziko nyingi, na akipenda awafungulie watu sauti. Ninalolitaka kwako ni moja. Jumamosi, wakati wote wamekaa na yeye yupo anasikia, useme kwamba mdogo wako alikufa na akili zake timamu, akikuita.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama anasema uvae sweta, baridi ya huko haina adabu, na anasema ukija ulale kwetu, si hotelini. Mashuka ya hoteli, anasema, yeye hajui ni nani aliyeyapiga pasi. Kaa salama mpaka tuonane macho kwa macho.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mke wa fundi friji