Jipu la Kwapani

Mama,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu mkono umekataa kuanza vingine, ingawa najua wa kuniitikia marahaba hayupo.

Nimekaa mlangoni kwetu, Mtaa wa Mchikichi, pale ulipokuwa ukiweka karai lako la maandazi. Siku hizi pamekaa mwanamke wa Kilimanjaro, anauza ndizi, mtu mwema. Kila asubuhi ananiuliza hali nami namjibu njema. Ungesema mwanao amekuwa mwongo, na usingekosea.

Miaka mitatu, Mama, najiuliza kama nilikuua kwa ulimi wangu.

Unakumbuka tulivyojiandaa? Nyonga yako ilikuwa imelika hata kufika Mnazi Mmoja ilikuwa safari ya kupumzika njia nzima. Kisha akaja yule daktari bingwa kutoka nje, anayekuja mara moja kwa mwaka, akasema atakuwekea kiungo cha chuma. Nesi akatukalisha kwenye benchi, akatueleza polepole. Uoge kwa sabuni siku tatu mfululizo. Jino bovu ling'olewe kwanza. Mwenye kidonda, jipu au kikohozi aseme, asione haya. "Chuma hakina damu, mama. Kijidudu kikishajibanza pale, dawa haikifikii." Tena akasema msinyoe nyumbani, wembe unachana ngozi, penye haja watanyoa wenyewe. Ukaitikia, "Sawa, mwanangu," kwa adabu zako zote.

Sabuni mwaka ule ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Duka la ushirika foleni ndefu, rafu tupu. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango, kila mpangaji akakata kipande chake, ukaoga sabuni ya mtaa mzima. Jino uling'oa, ukalileta nyumbani limefungwa kwenye leso kama zawadi. Yote tuliyafuata isipokuwa hilo la wembe.

"Niende nikavuliwe nguo na watoto wa watu nikiwa na kichaka? Watasema sikufundwa!" Ukamwita somo yako, Bi Mwajuma, aliyekufunda ulipokuwa mwali, maana mimi mtoto sikuruhusiwa kukuona. Mkajifungia chumbani. Nikawasikia mnacheka kama wasichana, nami nikacheka huku uani.

Asubuhi ya kulazwa ndipo uliponiambia. Wembe ulikugusa kwapani, pamevimba, pana kijipu. "Usiseme, Zuhura. Wakinirudisha, daktari mpaka mwakani, na mwaka mwingine wa maumivu haya siuwezi." Nesi alipouliza kama una kidonda popote, ukanibana kidole. Nikasema, "Hapana."

Neno moja tu, Mama.

Siku ya tano baada ya kupasuliwa ulishika magongo, ukaenda hadi dirishani, ukageuka ukanitazama kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu. Siku ya tisa homa ikapanda. Mshono ukaanza kutoa maji, kisha usaha. Wakafungua, wakasafisha, mwishowe wakakitoa chuma chenyewe. Hata hapo sikusema. Nilisimama miguuni pa kitanda chako na ulimi wangu mzima mdomoni, huku wewe ukiniomba radhi kwa kunisumbua. Baadaye nesi mmoja aliniambia mambo haya huwapata hata waliotimiza kila kitu, na kwamba hakuna ajuaye kijidudu kilipita wapi. Najaribu kumwamini. Siku nyingine naweza, siku nyingi siwezi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Bi Mwajuma goti lake limekufa kabisa, na juzi aliitwa kuwekewa chuma kama wewe. Hana mtoto, nikamsindikiza mimi. Nilipomfunga viatu nikaona mguuni, chini ya kanga, ameungua na mkaa, amefunika kwa pamba. Akaniwekea kidole midomoni nisiseme. Nesi akauliza swali lile lile. Bi akajibu, "Sina."

Nikasema, "Anacho. Mguu wa kushoto."

Wamemrudisha mpaka kipone. Njia nzima kwenye teksi hakunitazama. Tulipofika kwake akasema, "Nimekukosea nini, Zuhura?" Basi nikamweleza habari ya jipu lako, jambo ambalo sijamwambia kiumbe, nikalia mpaka kwikwi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lilikuwa wapi hilo jipu?"

Niliutazama mkono wake, ule ule ulioshika wembe, umekonda, umelala juu ya goti.

Nikasema, "Mgongoni, Bi."

Akashusha pumzi. Akanivuta, akanilaza mapajani, akatulilia, mimi na wewe.

Nisamehe, Mama, neno lile la kwanza na hili la pili. Kidonda chake nakiosha kila siku mimi mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa na mikono niliyoinawa kwanza. Daktari akirudi nitampeleka, na nakuahidi mbele ya mlango wa hospitali sitasema uongo tena hata anibane mkono wote. Pumzika, mama yangu. Mola akupe wepesi wa kutembea huko uliko.

Ila siku Bi Mwajuma atakapokufuata, akikuuliza, nakuomba nawe umwambie lilikuwa mgongoni.

Mwanao,
Zuhura