Mrija wa Mwisho wa Tanuru

Igoma, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu umeacha kuvimba. Mimi mwili hauna shida. Koku je, anakula? Maharage usimlazimishe, mama yake alikuwa akimpondea kwanza.

Uliniandikia kwamba tangu tumzike mke wangu Adelina huoni sababu ya mimi kubaki huku peke yangu, nirudi nilime kibanja chetu cha migomba. Nimeifikiria sana barua yako. Kabla sijajibu, nikueleze yaliyotokea.

Hapa karakana tunayeyusha shaba na kumimina bushi, zile pete za ndani ya pampu za maji za vijijini. Joto la tanuru hupimwa kwa nyaya mbili nyembamba, nazo hukaa ndani ya mrija mweupe, mrefu kama mkono. Ukiuona utadhani chokaa. Ni wa alumina, unga unaotokana na udongo ule ule unaotoa madini ya sufuria zako, lakini ukishachomwa unakuwa mgumu ajabu. Shaba inayeyuka, wenyewe hauyeyuki, na umeme haupiti. Hata kiwanda cha nguo wana vipande vyake; nyuzi hupita humo kutwa bila kuvila. Kitu ambacho mrija unakiogopa ni joto la ghafla; hupasuka.

Niliporudi kutoka msibani kila mtu alinipa pole, kuanzia mlinzi wa getini. Siku hiyo naingiza mrija tanuruni, fundi wetu mkuu, Ndugu Makoye, akapaza sauti nyuma yangu: "Pole, Rwegasira! Pole!"

"Asante, nimeshapoa," nikajibu, huku nasukuma.

Ta! Mrija ukapasuka.

"Mimi nakwambia polepole, wewe unaniambia umepoa!"

Wenzangu walishika mbavu kwa kucheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha Makoye akaenda kuangalia stoo. Ulibaki mrija mmoja, na mingine ya kuagiza nje haijulikani itafika lini. Huo ukivunjika, tanuru linazimwa na sisi tunarudi makwetu.

"Nani anauingiza?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe uliyepoa?"

"Mimi, Ndugu."

Nikaugonga kwa ukucha, kama Adelina alivyogonga vikombe dukani kabla ya kununua. Ukalia vizuri, hauna ufa. Nikauweka kwenye mdomo wa tanuru upate moto, nikausogeza kidogo, nikangoja, nikausogeza tena. Asubuhi yote ikaishia hapo. Makoye alisimama karibu. Mchana mshale wa kipimo ukapanda, na jioni tukamimina shaba.

Mama, kazi hiyo sasa ni yangu, na kulima sirudi. Kaburi naomba unisaidie kulipalilia. Shule zikikaribia kufunguliwa nitakuja na meli kumchukua Koku. Mke wa Makoye amekubali kushinda naye nikiwa kazini. Najua utalia, lakini nataka akue ananiona.

Nisalimie kaka Buberwa, shangazi aliyekesha nasi msibani, na katekista wetu. Na Koku umwambie mapema, baba amesema paka wake hapandi meli.

Mwanao akupendaye,
Rwegasira