Vyuma vya Msichana Mwingine

Bagamoyo, Alhamisi, vuli ya 1956

Mvua imeanza alfajiri na haina nia ya kukatika. Shuleni ninakofundisha nimetuma salamu kuwa naumwa kichwa. Huo ni uongo wa pili katika siku mbili, mimi ninayewagombeza watoto wa watu kwa kusema uongo.

Wa kwanza niliusema jana, hospitali ya Dar es Salaam.

Nilimpeleka mwanangu Zuhura, wa miaka kumi na minne. Uti wake wa mgongo unapinda. Bega la kulia limepanda, na gauni linamkaa upande nishone nitakavyo. Jana alivalishwa mkanda wake wa kuuzuia mgongo, ngozi na vyuma toka kwapani hadi nyongani, bizimu tatu mgongoni. Alisimama wima kama aliyefungiwa kabatini, nami nikatazama dirishani nisilie.

Nilitaka kujua jambo moja tu: utamsaidia? Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Kwa maneno ya dresa, msaidizi wake aliyetafsiri, mkanda huwazuia wengine wasipinde zaidi, na wengine hupinda nao umo mwilini. Yeye hukisia tu: mgongo unakubali kiasi gani ukibanwa, mtoto anauvaa saa ngapi, na mifupa imebakiza kukua kiasi gani. Picha ya mifupa ilionyesha mgongo wa Zuhura unakubali. Nikashusha pumzi.

Ndipo dresa, kijana rika la mdogo wangu, akaniuliza mbele ya mtoto: "Bibi, daktari anauliza, binti amekwisha vunja ungo?"

Nikasema, "Bado."

Daktari akatabasamu, akaandika kwenye faili kuwa muda upo, mifupa bado itakua sana.

Kwetu mama haambiwi jambo hilo. Binti humwambia somo wake, mwanamke anayemfunda, na somo huleta habari kwa mafumbo, na mama hujifanya hakusikia. Bi Tatu, somo wa Zuhura, aliniletea mafumbo hayo tangu mwezi wa Idi. Mimi na mwanangu hatujawahi kulitaja. Ningelitajaje mbele ya mwanamume?

Lakini hapa niandike kweli. Haikuwa aibu peke yake. Kabla yetu alitoka mama mmoja na binti yake mkubwa, mama analia. Ameambiwa mifupa imekwisha komaa, mkanda hauna la kufanya tena. Nilipoulizwa mimi, nikachagua jibu ambalo halingeniliza. Mila nikaifanya pazia.

Leo asubuhi Bi Tatu kaja, kanga imemlowa chapachapa. Sijamaliza shikamoo akanikatiza.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wako jana kalia kwangu mpaka kwikwi. Anasema mama kamdanganya daktari, sasa vile vyuma vitamtibu msichana mwingine."

Nikakosa pa kuuweka uso.

"Mimi somo, langu nimemaliza," akasema. "La daktari kaliseme mwenyewe."

Nikaingia chumbani. Zuhura alikaa kitandani, mkanda mapajani, maana bizimu za nyuma hazifikii. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, mwanangu. Niambie, ilikuwa lini?"

Akaugeukia ukuta. "Siku tatu baada ya Idi ya Ramadhani, mama."

Basi. Jambo ambalo mama yangu hakulisikia kinywani mwangu mpaka anaingia kaburini, nimelisikia kinywani mwa mwanangu, na paa halikutuangukia. Tukalia, kisha tukacheka kwa sababu Bi Tatu alikuwa akikohoa ukumbini atujulishe kwamba hasikilizi.

Tarehe nimeiandika kwenye karatasi. Jumatatu, inshallah, tunarudi. Mdomo ukinishinda mbele ya yule dresa, nitampa karatasi. Huenda daktari akakunja uso, huenda akasema nafasi ingalipo. Naogopa sana. Lakini atakachokisia sasa kitakuwa cha Zuhura wangu.

Nikamvalisha. Kwa huruma, bizimu ya chini nikaifunga tundu la pili. Nikadhani hatajua.

"Mama," akasema bila kugeuka, "daktari kasema la tatu."

Nikakaza la tatu.