Jina la Pili kwenye Bima ya Nyumba Yangu

Alhamisi, 17 Mfungo Nane 1323

Nimeswali. Nimefagia baraza mwenyewe, maana wengine wanasukuma vumbi tu. Nimekunywa uji. Kisha nimefungua kasha, nikaitazama karatasi ya bima, nikafunga. Mara ya tatu tangu jana.

Aliileta karani Mgoa, Mhindi Mkristo, wa duka kubwa la Mdachi, lile la karibu na forodha. Niliweka bima mwezi uliopita, baada ya nyumba nne za makuti kuungua mtaa wa pili. Yangu ikiungua, Mdachi ataijenga. Ndivyo walivyosema.

Kurasa sita. Karani akagusa wa juu, akasema, "Mzee Salum, huu wa kwanza ndio nyumba yako. Nani mwenyewe, iko wapi, imejengwa kwa vitu gani, bima inaanza lini, inaisha lini. Zilizobaki ni sheria tu. Huu usome vizuri."

Nisome nini? Ni Kidachi. Herufi zangu ni za Kiarabu, za chuoni kwa Kurani, nilifika Juzuu Amma, nikaacha, nikaenda bara na misafara. Nyasa nimefika mara tatu kwa miguu hii. Kivinje nzima hakuna aliyefika mara tatu akarudi na meno yake yote.

Lakini jina langu kwa herufi za Kizungu nalijua kwa sura. Limo katika cheti cha kodi. Linaanza na kitu kama nyoka. Nimetafuta kwenye ukurasa. Nyoka yupo, juu kabisa. Pembeni yake kuna jina jingine. Linaanza na kitu kama vibanda viwili vilivyoshikana.

Nani huyu ndani ya nyumba yangu?

Ijumaa, 18

Msikitini sikusikia hotuba. Nilikuwa nawaza vibanda viwili.

Nilidhani ni karani mwenyewe amejiandika. Nimechukua stakabadhi aliyonipa, ina jina lake chini. Nimelinganisha. Halina vibanda. Basi si yeye. Au amemwandika ndugu yake. Wale wana ndugu wengi.

Jumapili, 20

Leo skuli ya serikali imefungwa. Nimemwita mwalimu barazani. Simwamini, anakula pamoja na watu wa boma. Kwa hiyo jina nimelifunika kwa kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Soma kuanzia hapa."

"Toa kofia basi, nisome yote."

"Huko juu si kwako."

"Mzee, umeficha mke wa nne?"

Nikaibana kofia kwa kiganja. Akasoma. Mahali: Kivinje, kati ya kisima na nyumba ya sharifu. Kweli. Matumizi: kukaa watu, si duka, si ghala. Kweli. Kuta: mawe na chokaa. Kweli, marehemu baba alichoma chokaa yake mwenyewe. Muda: tangu adhuhuri ya siku niliyoweka bima hadi adhuhuri ya siku kama ile mwakani. Nikauliza, kwa nini adhuhuri? Kwa nini si alfajiri, kama watu? Akasema ndivyo Wazungu wanavyokata siku zao, na nikiungua mwakani saa saba mchana, nimechelewa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kisha akasoma, "Paa: mbele bati, nyuma makuti."

Nikamnyang'anya karatasi.

Mimi kwa kinywa changu, hapa barazani, nilimwambia karani: bati, mbele mpaka nyuma. Na nyumba ni yangu peke yangu. Alitaka kuingia ndani atazame, nikamkatalia. Mwanamume mgeni hapiti ukumbi, huko ni uani, kuna wanawake. Aliandika kwa neno langu. Sasa makuti ameyaona wapi?

Ni kweli nyuma ni makuti. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Lakini mtu huitaja nyumba yake kwa uso wake. Nani hutaja kisogo?

Kuna mtu amesema.

Jumatatu, 21

Nimekwenda dukani. Sikukaa. Nikaweka kidole juu ya vibanda viwili, nikasema, soma.

Akasoma: Mwanaidi binti Omari.

Ni dada yangu.

Karani akaeleza bila wasiwasi. Alirudi Ijumaa moja mwezi uliopita kuhakikisha, kabla ya kuandika. Mimi nilikuwa msikitini. Akapiga hodi, Mwanaidi akamjibu nyuma ya mlango. Akamwambia nyumba ni ya urithi, theluthi ni yake, anakaa vyumba vya nyuma, na juu yake ni makuti, yanavuja. Yote hayo kwa Mgoa, mlango ukiwa katikati.

Theluthi gani? Bati la mbele nimelinunua mimi. Miaka kumi na sita namlisha. Nikamwambia karani, futa. Bati mpaka nyuma. Jina moja.

"Mzee, nisikilize. Ukurasa huu ndio anaoutazama Mdachi nyumba ikiungua. Ukisema bati, akaja akakuta majivu ya makuti, hajengi. Si nyuma tu. Hata mbele hajengi."

"Nani mwenye nyumba, mimi au wewe?"

"Nyinyi wawili, nilivyoambiwa."

"Andika."

Akakata mistari miwili, akaandika upya, akagonga muhuri. Nikatia jina langu kwa herufi zangu, kubwa, katikati. Nimerudi kifua mbele.

Jumatano, 23

Juzi nilimgombeza dada yangu kwa kusema na karani. Leo chakula kimekuja ukumbini. Mwanaidi hakuja nacho. Amekisukuma mlangoni kama anamlisha mfungwa.

Jioni akasema kutoka ndani, "Kaka, vyumba vyangu vikiungua, atanijengea nani?"

"Nani atakayekuunguza?"

"Sikukuuliza hilo."

Anataka nini? Labda anataka kumwuzia mtu theluthi yake. Labda kuna mwanamume. Ana miaka sitini, lakini sijui. Leo nimekaa mahali ninapoona mlango wa uani. Hakuingia mtu isipokuwa muuza samaki, naye ni bibi kizee. Nimemtazama vibaya hata hivyo.

Ijumaa, 25

Hakuna kitu. Samaki alikuwa na chumvi nyingi. Najua ni makusudi.

Jumatatu, 28

Habari mbaya. Watu wa Matumbini wameinuka. Wamekataa pamba ya Mdachi, wanaing'oa. Wanakunywa dawa ya maji na kusema risasi haitawaingia. Tangu asubuhi watu wanaingia mjini na mikeka vichwani. Wanasema huko walikotoka maduka yamechomwa moto. Askari wanapita mtaani kwetu, wanatazama kila mtu kama mwizi. Wengine wanasema Kivinje nayo itachomwa. Huyu anasema kesho, huyu anasema Ijumaa. Siwaamini wote wawili.

Lakini nilikwenda uani. Mara ya kwanza mwaka huu, nadhani. Nikagusa makuti ya Mwanaidi. Yalisagika mkononi kama tumbaku. Jiko lake liko chini yake hasa. Si lazima aje Mmatumbi. Cheche moja ya jiko inatosha, na bati langu la mbele litakunjika kama karatasi.

Na bima imekufa. Karani aliniambia uso kwa uso. Mimi ndiye niliyeiua, nikatia na jina.

Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

Alhamisi, 1 Mfungo Tisa

Nimekwenda dukani mapema. Njiani nilikuwa najifunza maneno. Karani, nilikosea. Ni maneno mawili tu, lakini hayakuzoea mdomo wangu.

Duka limefungwa kwa kufuli mbili. Mlinzi anasema Mdachi na karani wamepanda meli ya serikali jana, wamekwenda Dar es Salaam. Watarudi lini? Hajui. Nani ataandika ukurasa wangu? Akanitazama kama nimerukwa na akili.

Nimerudi. Nikasimama kwenye mlango wa uani, nikamwambia Mwanaidi yote. Bati, jina, muhuri. Nikamwambia maneno yale mawili, dada badala ya karani. Yeye ndiye wa kwanza kuyasikia tangu nizaliwe, na marehemu mke wangu angekataa kuamini.

Akainamia ungo wake. Nilidhani analia. Kisha akasema, "Kupanda paa unaweza bado, au magoti uliyaacha Nyasa?"

Jumamosi, 3

Siku mbili tumeshusha makuti. Mimi juu ya ukuta, yeye chini. Namkatia kamba, anavuta. Mwalimu alipita akasaidia kubeba. Alikuwa na maneno yake, "Mzee leo umevua kofia yote." Nikamwacha aseme. Tumeyabeba hadi ufukweni, mbali na nyumba zote, maji yameyachukua.

Mgongo umekufa. Mikono imechanika. Kijana wa miaka ishirini asingeweza.

Vyumba vya nyuma sasa ni kuta nne na anga. Mwanaidi amehamia chumba changu, chenye bati. Mimi nipo ukumbini. Jiko amelipeleka katikati ya uani, palipo wazi.

Jumatatu, 5

Asubuhi kimya. Hakuna moto leo. Askari wamelala kivulini kwenye baraza yangu, nimewaacha.

Nimefungua kasha. Mstari wa paa sasa ni wa kweli: bati tu, hakuna makuti popote. Mstari wa jina bado ni wa uongo. Basi nimechukua kalamu, nikaandika pembeni ya jina langu, kwa herufi za chuoni: na Mwanaidi binti Omari, theluthi. Mdachi ataukubali au hataukubali, sijui.

Nimempelekea Mwanaidi. Ameusoma, yeye alihitimu chuo, mimi sikuhitimu. Akaukunja, akanirudishia, akaendelea kumenya muhogo.

Jua linaingia vyumba vya nyuma mpaka sakafuni. Ametundika leso zake humo zikauke.