Saa ya Plastiki ya Baba Mkwe

Jumapili jioni, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi la machimbo limeingia hadi kwenye sukari. Nimechoka, lakini niko na furaha fulani ya kitoto na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Kwanza shida yenyewe. Mimi ni mtu wa Bungoma, nimeolewa na Lemayian, Mmaasai wa huku Kajiado. Kwao watu huitana kwa kile walichopeana. Mama mkwe alinipa kondoo siku ya harusi, kwa hivyo mimi na yeye tunaitana Paker, jina la waliopeana kondoo, na kila akiniita hivyo najiona mtu wa boma. Baba mkwe hakunipa kitu, wala hakuniita kitu. Akitaka chai, anakohoa tu.

Iliniuma, sitadanganya.

Krismasi nikamnunulia saa ya maana, ile ya kioo cheusi inayopima mapigo ya moyo. Kesho yake ikazima, akaniuliza kama inakula kila siku. Nikamwambia ndiyo, lazima ichajiwe. Akaifungia kwenye sanduku la bati, akarudia saa yake ya plastiki, zile za namba bila mishale, zinazouzwa kando ya barabara pamoja na tochi. Mama ameipamba kamba yake kwa shanga.

Ina nini hiyo saa? Imetumbukia kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, imekanyagwa na ndama, kioo kimekwaruzika vibaya, na bado boma zima likitaka kujua saa linageukia mkono wake.

Juzi betri ikaisha, na baba mwenyewe akasema nipewe mimi niipeleke kwa fundi wa hapa mjini. Nilifurahi kupita kiasi. Fundi akaweka betri, na mimi nikamwambia airekebishe kufuata simu yangu, maana siku zote niliona haisomi sawa. Nilidhani ni uzee.

Jana asubuhi tukampelekea. Akaivaa, akaisoma, akatazama jua, akaisoma tena.

"Saa nane," akasema, "na mbuzi bado wako ndani ya boma?"

Nikamwonyesha simu yangu: nane huku, nane huku. Akaivua polepole, akampa mama.

"Hii si yangu. Yangu ilikuwa haidanganyi."

Akaenda kufungulia mbuzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lemayian alicheka hadi akakaa chini. Kumbe baba alijifunza namba ukubwani, darasa la ngumbaru, na namba anayoiona ndiyo anayoitaja. Kwa hivyo aliiweka saa yake ionyeshe mbili ikiwa ni saa mbili. Basi.

Hilo jambo halijanitoka kichwani. Maisha yangu yote macho yanaona nane, mdomo unasema mbili, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Nani alinifundisha kusoma namba moja na kutamka nyingine? Leo nimejaribu kuiweka saa yangu mwenyewe kama ya baba. Imekataa. Inajipanga yenyewe kwa mtandao, haisikii mtu. Ile ya plastiki ina vitufe vinne na inamtii mwenye mkono. Nadhani nimeanza kuelewa.

Basi jana nilikaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama, nikabonyeza vile vitufe hadi kidole kikauma, nikairudisha kwenye saa za baba. Alipokuja kula mchana akaikuta mezani. Akaisoma. Akatazama jua.

"Nani ameiponya?"

Mama akanionyesha kwa kidevu.

Akaivaa, akakaza kamba, halafu akaniangalia mimi, si ukuta ulio nyuma yangu.

"Pasaa," akaniita. "Leta chai."

Watu wote wakaangua kicheko, kwa sababu mtu huitwa kwa kondoo, kwa mbuzi, kwa ng'ombe, lakini nani aliwahi kuitwa kwa saa? Baba hakucheka. Alikuwa anangoja, maana jina la namna hiyo hujibiwa kwa jina lile lile.

"Sawa, Pasaa," nikasema, nikakimbilia jikoni, na machozi nikayasingizia moshi.

Sidhani kuna mwanamke mwingine Kajiado nzima mwenye jina hilo.